Je, Wajua? Wimbo Huu ni wa Nani?

Je, wajua kwamba wimbo wa taifa wa Kenya ulikopwa kwa akina mama wanaobembeleza watoto? Muziki wake ni wa Wapokomo, wakulima na wavuvi wa Mto Tana, mto huohuo unaopita Balambala na Sankuri, ukafika mji wa Garissa, kisha ukateremka hadi kwa Wapokomo wenyewe na kumwaga maji yake baharini Kipini. Mwaka 1963 watu watano walipewa kazi ya kutafuta wimbo wenye ladha ya nyumbani: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Mpokomo anayetajwa kuwa ndiye aliyewapa muziki huo ni Mzee Meza Moroa Galana. Tarehe 12 Desemba mwaka huo Kenya ikapata uhuru, na bembelezi ikapigwa kwa tarumbeta.

Sasa linganisha. Bembelezi ni ya sauti moja, ya mtu aliyechoka mwenye mtoto mgongoni. Haina haraka, inarudi palepale mpaka macho yafumbe. Wimbo wa taifa umewekewa sauti za kwaya na ngoma za bendi ya polisi. Hata hivyo kuna kitu hakikuondoka. Nyimbo nyingi za taifa hupiga kifua, lakini huu wetu unanyenyekea, kwa kuwa umebaki kwenye ile ngazi ya sauti yenye majonzi ambayo mataifa mengi huikwepa. Ukitaka kuhakikisha, uimbe polepole midomo ikiwa imefumbwa, bila neno hata moja, karibu na mtoto anayelia.

Tanzania nayo? Kenya ilikopa mtoni, Tanzania ikakopa kanisani. Muziki wa Mungu Ibariki Afrika ulitungwa mwaka 1897 na mwalimu wa Afrika Kusini, Enoch Sontonga. Zambia nayo ikauchukua muziki huohuo na kuuandikia maneno mengine kabisa, na Afrika Kusini yenyewe tangu 1997 inauimba ukiwa umeunganishwa na wimbo wa zamani wa Makaburu. Sontonga alifariki mwaka 1905, kabla nchi yoyote kati ya hizo haijapata bendera inayopandishwa kwa wimbo wake.

Je, wajua kwamba wimbo wa taifa wa Somalia ulitungwa na mzaliwa wa Moshi? Abdullahi Qarshe, ambaye Wasomali humwita baba wa muziki wao wa kisasa, alizaliwa mwaka 1924 chini ya Mlima Kilimanjaro, akaenda Aden, akajifunza udi, akarudi pwani ya Somalia na kuuingiza udi kwenye nyimbo za Kisomali. Wimbo wake wa kuisifu bendera ulikuwa umeimbwa miongo kadhaa kabla haujafanywa wimbo rasmi wa taifa mwaka 2012. Kwa hiyo anayetafuta toleo la asili asiende kwenye gwaride la Mogadishu. Aanze na mtu mmoja na udi wake.

Je, wajua kwamba Wasomali walikuwa na sheria ya hakimiliki kabla ya kuwa na maandishi? Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penyewe.

Lugha ya Kisomali ilipata hati yake rasmi ya Kilatini mwezi Oktoba 1972. Kabla ya hapo shairi kubwa, gabay kwa mfano, lilikaa kichwani. Mshairi alilitunga, na watu wenye kumbukumbu kali wakalihifadhi na kulipeleka kisimani, sokoni, kwenye mabaraza ya wazee. Mhifadhi alibanwa na masharti mawili. Kwanza, alighani neno kwa neno jinsi alivyolipokea. Pili, alimtaja mwenyewe kabla ya kuanza: shairi hili ni la fulani, alilisema kwa sababu fulani. Kughani la mtu bila kumtaja ilikuwa wizi, na kulibadilisha ilikuwa kumsingizia. Andrzejewski na Lewis, wataalamu waliochapisha kitabu kikubwa cha mashairi ya Kisomali mwaka 1964, waliliandika jambo hili, ambalo huwashangaza waliozoea kudhani kwamba fasihi simulizi haina mwenyewe.

Na shairi lenyewe lilikuwa na kufuli yake. Katika ushairi wa Kisomali mtunzi huchagua herufi moja, na kila mstari sharti uwe na neno linaloanza na herufi hiyo, tangu mwanzo hadi mwisho, hata shairi likiwa na mistari mia. Akichagua D, ni D mpaka anyamaze. Sasa mwizi akitaka kuchomoa neno na kutia lake, atatafuta wapi neno lingine la D lenye maana ileile na mizani ileile? Akikosea, msikilizaji aliyekaa mbali kule na ngamia wake atalisikia pengo.

Sauti ya kughania gabay, kwa upande mwingine, haina mtu. Ni ya wote. Yaani neno lina mwenyewe, muziki hauna. Shika hilo ukiendelea kusoma, maana ulimwengu wa kaseti na redio uligeuza mambo: tukaanza kujua sauti ya mwimbaji na kumsahau aliyeandika.

Wasomali wana desturi nyingine: badala ya kurudia wimbo wa mwenzako, mjibu. Karibu na mwaka 1980 mshairi Maxamed Xaashi Dhamac, maarufu kwa jina la Gaarriye, alitoa shairi la kisiasa la herufi D. Mshairi mwenzake Hadraawi akajibu kwa D. Wengine wakaingia, makumi yao, wote kwa D, wengine wakiunga mkono na wengine wakipinga. Mashairi yakasafiri kwa kaseti zilizokuwa zikinakiliwa mkono kwa mkono, chini ya serikali ya Rais Siad Barre wa Somalia, isiyopenda kusikia. Mnyororo mzima unaitwa Deelley. Wanamuziki wetu wa siku hizi wanaotupiana vijembe mtandaoni wangefungwa sharti la herufi moja, nadhani wengi wangenyamaza wiki ya kwanza.

Je, wajua ni wapi Garissa ambapo kurudia wimbo ni aibu? Kwenye buraanbur ya harusi. Huu ni ushairi wa wanawake, wenye ngoma, makofi na mwenye kuingia katikati kucheza. Msemaji anamsifu bibi harusi huyu, mama yake huyu, ukoo wake huu. Ukileta sifa ulizomwagia bibi harusi wa juzi, wenye harusi watajua, na watakumbuka.

Na wapi ambapo kurudia ndiyo kazi yenyewe? Kwenye nyimbo za ngamia. Kuna za kuwapeleka majini, kuna za kuvuta maji, kuna za kuwaondoa wakishakunywa. Mtaalamu Axmed Cali Abokor alizikusanya katika kitabu kilichotoka mwaka 1987. Mchungaji hatangazi mtunzi, na ngamia haulizi. Dhaanto nayo, ngoma ya vijana inayochezwa kwenye harusi za kaskazini mashariki, wengi husema mwendo wake umeigwa kutoka kwa ngamia anavyotembea. Mapigo yake yanakaribiana mno na rege, hata wapo Wasomali wanaoapa kwamba Jamaika ndiyo iliyokopi. Siwezi kuwaunga mkono, lakini nawaelewa: weka dhaanto ya zamani na rege moja baada ya nyingine, utatikisa kichwa vilevile.

Je, wajua kwa nini wimbo wa taarabu ukiimbwa Kisomali unaonekana umepungukiwa? Udi ni uleule, lakini sauti hazilingani. Muziki wa Kisomali, kama wa Ethiopia na Sudan, hutembea juu ya sauti tano. Taarabu ya Lamu na Mvita, iliyolelewa na muziki wa Kiarabu, ina saba, tena zenye nusunusu katikati. Mwimbaji wa Garissa akiurudia wimbo wa Lamu kwa ngazi yake ya sauti tano, mbili zinabaki njiani. Hajakosea. Amevusha wimbo mto, na mto una ada yake.

Malaika ni wa nani? Fadhili William aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na jina lake ndilo lililoandikwa kwenye sahani. Adam Salim naye alishikilia hadi uzeeni kwamba aliutunga yeye mwaka 1945. Ugomvi huo haujazuia mtu kuimba. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuimba pamoja katika albamu yao ya 1965, iliyoshinda tuzo ya Grammy. Boney M. wakautoa mwaka 1981, Angélique Kidjo wa Benin mwaka 1991.

Ukiyasikiliza mfululizo utaona kilichobadilika. Fadhili anaimba kama kijana aliyevunjika moyo kwa kukosa mahari, gitaa limetulia, sauti haijikwezi. Kwa Makeba wimbo unakuwa wa heshima, wa jukwaani, mtu anayekumbuka mapenzi kwa mbali. Kwa Boney M. mapigo ya disko yanaingia na umaskini unatoweka: hakuna anayeamini kwamba mtu anayecheza hivyo amekosa mahari. Mimi namweka Fadhili mbele, na naamini kijana wa Balambala ambaye wakwe wamemtajia idadi ya ngamia hatahitaji kuelezwa kwa nini.

Jambo dogo la kisheria: Kenya hulinda utunzi wa muziki kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Fadhili alifariki mwaka 2001. Piga hesabu mwenyewe kabla hujauingiza kwenye tangazo la duka lako. Na usidhani wimbo usio na mtunzi ni wa bure. Tangu 2016 Kenya ina Sheria Nambari 33, inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za kijamii. Anayetaka kufanya biashara na wimbo wa jamii anapaswa kupata kwanza ridhaa ya jamii yenyewe.

Shauri Yako ni wa nani? Ukiuliza katika matatu yoyote ya Kenya utaambiwa Orchestra Super Mazembe. Mwenye wimbo ni Nguashi Ntimbo, Mkongo mwenzao. Mazembe waliurudia kwa magitaa yaliyosukwa vizuri kiasi kwamba Wakenya wengi hawakuwahi kurudi nyuma kumtafuta mwenyewe. Hapa sina malalamiko. Toleo la Mazembe limezidi, basi.

Je, wajua kwamba Jambo Bwana haukuwa wimbo wa jadi? Watalii wengi hudhani uliota wenyewe ufukweni. Uliandikwa na Teddy Kalanda Harrison wa Them Mushrooms na kutolewa mwaka 1982. Mwaka uliofuata Boney M. hao hao walikuwa wameshautia kwenye disko lao. Miaka kumi na miwili baada ya Them Mushrooms, kampuni ya Disney ikatumia maneno mawili, hakuna matata, kutoka mdomoni mwa kila mtu wa pwani kwenye filamu ya The Lion King, kisha ikayasajili kuwa alama yake ya biashara Marekani. Mtunga gabay angetaka kujua ni nani aliyetajwa kabla ya kughani.

Filamu hiyohiyo ilizua kesi nyingine. Mwaka 1939 Solomon Linda, Mzulu, aliimba Mbube studioni Johannesburg na kulipwa shilingi kumi. The Weavers wa Marekani wakaurudia, The Tokens wakaupeleka kileleni mwaka 1961 ukiwa na maneno ya Kiingereza, Disney ikautumia. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa fukara. Familia yake ilifikia maelewano ya malipo mwaka 2006.

Kinyume chake ni Dolly Parton. Alitoa I Will Always Love You mwaka 1974. Elvis Presley alitaka kuurudia, na watu wake wakadai nusu ya haki za utunzi. Parton akakataa, na anasema alilia. Mwaka 1992 Whitney Houston akauimba kwa ajili ya filamu The Bodyguard, na kila nakala iliyouzwa ikamlipa mtunzi. Kwa Parton ni kwaheri ya taratibu, karibu mnong'ono. Kwa Houston ni mtu anayeondoka na paa la nyumba.

Na yupo mwenye wimbo aliyekubali kunyang'anywa kwa roho safi: Trent Reznor wa Nine Inch Nails. Alipomwona mzee Johnny Cash akiuimba wimbo wake Hurt, alisema wimbo ule si wake tena.

Je, wajua kwamba Mombasa walikuwa wakifanya kinyume cha Boney M. kwa miaka mingi? Boney M. walichukua maneno ya Kiswahili na kuyavika muziki wa Ulaya. Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyezaliwa Mvita mwaka 1942 na kufariki 2014, alichukua muziki wa filamu za Kihindi na kuuvika mashairi ya Kiswahili, mengine ya bingwa Ahmad Nassir Juma Bhalo. Msikilizaji aliyetoka sinema akiwa na muziki kichwani aliukuta kwenye harusi ukisema maneno mengine, ya mafumbo, ya vina na mizani. Wapo waliomlaumu kwa kukopi. Mimi naona alifuata desturi ileile ya gabay bila kujua: muziki wa wote, neno la mwenyewe.

Unguja, Siti binti Saad alirekodi sahani zake za kwanza Bombay mwaka 1928. Bi Kidude, aliyefariki 2013, alizirudia nyimbo za Siti maisha yake yote, na akazipa ukali wa sauti ambao Siti hakuwa nao. Vijana wengi wanaijua Muhogo wa Jang'ombe kwa Kidude tu.

Mtu anaweza kujirudia mwenyewe pia. Kothbiro ulitolewa mwaka 1976 na Black Savage, bendi ya roki ya Nairobi. Ayub Ogada alikuwemo. Mwaka 1993 aliurudia kwa nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, katika albamu yake En Mana Kuoyo, na roki yote ikapukutika. Toleo hilo likaingia kwenye filamu The Constant Gardener ya 2005, iliyopigwa Kenya. Kisha mwaka 2018 Kanye West akachukua kipande cha lile la kwanza, la bendi, akalijengea wimbo wake Yikes. Wengi tulikuwa tumesahau kwamba nyatiti ndiyo iliyokuja ya pili.

Je, wajua kwamba kuna nyimbo za Kisomali zilizozikwa ardhini? Mwaka 1988, ndege za serikali zilipokuwa zinaishambulia Hargeisa, wafanyakazi wa redio na wanamuziki walificha kanda za Redio Hargeisa chini ya udongo, nyingine zikavushwa hadi nchi jirani. Leo kituo cha utamaduni cha Hargeisa kimehifadhi zaidi ya kaseti 10,000, na albamu ya Sweet as Broken Dates, iliyotokana na hazina hiyo, iliteuliwa kuwania Grammy baada ya kutoka 2017. Kwa wimbo wa namna hiyo swali la toleo la asili ni gumu kweli. Mwingine umebaki katika kaseti iliyonakiliwa kutoka kwa kaseti iliyonakiliwa kutoka redioni, na kelele za mtambo zimekuwa sehemu ya muziki. Ndiyo maana kazi ya watu kama Gargar, kina mama wa Garissa waliorekodi na Ketebul Music ya Nairobi, ina uzito: sauti ya kwanza imeshikwa vizuri, na atakayeirudia atakuwa na pa kulinganishia.

Je, wajua kwamba Wavin' Flag, wimbo ulioimbwa Kombe la Dunia la 2010, haukuanza kuwa wa mpira? Mwimbaji wake, K'naan, alizaliwa Mogadishu mwaka 1978, shangazi yake akiwa Magool, mmoja wa waimbaji wakubwa kabisa wa Somalia. Alikimbia vita na familia yake mwaka 1991, mwaka uleule kambi za Dadaab zilipofunguliwa hapa Garissa, na wengi wa rika lake wakaishia huko. Toleo la kwanza lilizungumzia vita, njaa na umaskini. Toleo la Coca-Cola likabaki na bendera, likaongeza sherehe, likapigwa kwa lugha nyingi na waimbaji wa kuunganishwa kila upande wa dunia: David Bisbal kwa Wahispania, Nancy Ajram kwa Waarabu. Mwishoni mwa 2012 K'naan mwenyewe aliandika katika gazeti la New York Times jinsi alivyojikuta akipunguza makali ya maneno yake ili yapite redioni. Weka matoleo mawili pamoja ukiwa na kijana aliyekulia Dadaab, halafu mwache achague yeye.

La mwisho la mwezi huu. Mwaka 2021 wimbo wa Nimco Happy, Isii Nafta, ulizagaa TikTok. Cardi B na Trevor Noah walikuwa miongoni mwa waliouchezea. Hapa desturi nzima ya kurudia wimbo imepinduliwa: zamani wimbo ulibaki na sauti ikabadilika, sasa sauti inabaki ileile ya Nimco na zinazobadilika ni sura, mamilioni ya midomo inayofumbuka bila kutoa neno.